Ningi analima kwanza: barua kwa mdogo wangu wa Kasoli, na historia kidogo ya muziki wetu

 

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi, naomba mnisamehe. Test zilikuwa zimenibana, na bumu nalo limekata mapema kuliko nilivyopanga. (Kusema kweli sikupanga. Ndiyo maana limekata.) Leo nimeacha kidogo kazi ya semina ya Historia ili niandike jambo linaloniumiza kichwa tangu Jumamosi. Tena nimegundua kwamba jambo lenyewe ni historia hiyo hiyo, kwa hiyo dhamiri yangu haijanisuta sana.

Jumamosi jioni alinipigia mdogo wangu kutoka nyumbani Kasoli. Wanaonijua wanajua Kasoli ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, ule mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga. Kwetu msimu wa kuuza pamba ukifika kila mtu anakuwa na mpango. Mdogo wangu alilima shamba lake mwenyewe mwaka huu kwa mara ya kwanza, kauza, mkononi ana laki sita. Na mpango wake ni huu: aende Mwanza akarekodi nyimbo sita, laki moja kila wimbo, kisha aweke YouTube, kisha maisha yabadilike.

"Dada, wewe ndiye umesoma. Mama kaniambia ukikubali na yeye kakubali."

Jamani, mzigo huo! Mama anajua fika kwamba katika hizo laki sita kuna palizi ya msimu ujao, na kuna sare na daftari za mdogo wetu wa mwisho. Lakini pia anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba huyu kijana anaimba kweli. Si kwa sababu ni ndugu yangu. Akiimba msibani watu wazima wanainamisha kichwa. Akiimba harusini bibi zetu wanafungua pindo la khanga.

Mwaka juzi alishaumia mara moja. Alilipa elfu themanini kwenye studio moja mjini, sitaitaja, akarekodi wimbo mmoja, akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, mwezi ujao ikawa kompyuta imekufa. Risiti hana, karatasi hana, wimbo hana. Kwa hiyo nilimwambia anipe siku tatu nifikiri. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafikiri. Nimeyaweka hapa kwa sababu najua wengi wenu mna mdogo kama huyu nyumbani, na baadhi yenu ndio wenyewe mnaorekodi chumbani hapa hosteli usiku wa manane huku wenzenu tunataka kulala.

Swali nililojiuliza ni jepesi: wanamuziki wetu wa zamani, ambao hawakuwa na meneja wala YouTube, walifanyaje mazoezi, na walikulaje?

Nianze na nyumbani. Usukumani ngoma ni mashindano tangu zamani. Kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na masimulizi yanavirudisha kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mpaka leo ukoo unaweza kujulikana ni wa Bagika au wa Bagalu kama vile watu wa mjini wanavyojulikana ni wa Simba au wa Yanga. Na mashindano yenyewe yana utaratibu wa ajabu ukiufikiria vizuri. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Ukiboronga unaona kwa macho yako watu wanageuka, wanakwenda kwa mwenzio. Hakuna kusubiri matokeo.

Huyo kiongozi wa kikundi, mtunzi na mwimbishaji, kwetu anaitwa ningi. Kwa Kiswahili tungesema manju. Ningi ndiye anayetunga, anayefundisha kiitikio, anayepanga mavazi na vituko vya uwanjani, na ndiye anayebeba aibu wakishindwa. Watu wakisikia habari za baningi wanakimbilia kuzungumza juu ya dawa, maana ni kweli dawa za mvuto zilikuwepo, na jina lake ni samba. Lakini babu yangu, ambaye alicheza upande wa Bagalu ujanani, alikuwa akisema kitu nisichokisahau: dawa haichezi ngoma, miguu ndiyo inacheza. Yaani hata aliyekuwa na dawa kali alilazimika kufanya mazoezi.

Na mazoezi yalikuwa na kalenda yake. Angalieni mwaka wa kwetu. Mvua za vuli zinaanza, watu wanaingia shambani, pamba inapandwa kuanzia Novemba. Kisha palizi. Kisha kuvuna. Msimu wa ngoma unakuja baada ya mavuno, Juni, Julai, Agosti, wakati chakula kipo na watu wana nafasi. Lakini nyimbo za Juni haziwezi kutungwa Juni. Zilitungwa shambani, miezi ile ya jembe, mtu anaimba akilima, wenzake wanaitika. Ngoma yetu ya bugobogobo, ile ya kurusha majembe hewani ambayo wengi mmeiona kwenye sherehe za taifa, ilizaliwa hapo: kundi linalima kwa pamoja, ngoma inapigwa, jembe linakwenda na mdundo. Mtafiti mmoja Mmarekani, Frank Gunderson, alichapisha mwaka 2010 kitabu kikubwa chenye nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma. Ukiwaza nyimbo zote hizo zilibebwa vichwani na watu wenye majembe mikononi, unaelewa kwamba kazi na mazoezi havikuwa vitu viwili.

Kwa hiyo mtu alikuwa na miezi kadhaa ya kuujaribu wimbo mbele ya watu kumi na watano wanaolima naye. Kama hawakuitika vizuri, aliubadilisha. Kama uliwashika, aliutunza, akaupeleka uwanjani baada ya mavuno. Na huko uwanjani ningi mashuhuri alitunzwa, wengine walipewa hata ng'ombe. Lakini ningi analima kwanza. Ngoma ilimpa jina na ng'ombe wa ziada, ugali wake ulitoka shambani.

Sasa twende pwani kidogo, maana mnaweza kusema hayo ni mambo ya bara. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, nyumba ya maskini wa kufinyanga vyungu. Alivitembeza vyungu akinadi kwa sauti, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo watu walipoanza kuijua sauti yake. Akahamia mjini takriban mwaka 1911. Huko akajifunza kwa wanamuziki waliomtangulia, akapata kundi lake, na nyumbani kwake Ng'ambo wakawa wanakutana usiku kupiga na kuimba. Majirani wanakuja, habari za mjini zinaingia kwenye nyimbo, wimbo unatengenezwa palepale. Unajua aliingia studio lini? Mwaka 1928, alipopelekwa Bombay kurekodi santuri. Hesabu mwenyewe: miaka kama 17 tangu afike mjini. Sisemi mdogo wangu asubiri miaka 17! Ninachosema ni kwamba Siti alipofika mbele ya mashine, alikuwa anarekodi kitu kilichokwisha kupikwa. Mashine haikumfundisha kuimba.

Halafu zikaja bendi. Hapa ndipo wazazi wetu wanapoanza kutikisa kichwa wakikumbuka. Baada ya uhuru taasisi nyingi zilikuwa na bendi: polisi, jeshi, JKT, vyama. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na ndiyo hii Msondo Ngoma. Mwanamuziki aliajiriwa, akawa na mshahara. Mazoezi yalikuwa kazi, mchana unakwenda mazoezini kama mwalimu anavyokwenda darasani, na mwisho wa wiki unapiga dansi. Mtunzi alileta maneno na sauti, kisha wapiga magitaa na wapulizaji kila mmoja akaongeza lake, mpaka wimbo ukawa wa bendi nzima. Wimbo ulipigwa ukumbini, watu wakaucheza, ndipo ukaenda kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mnaona? Uwanja kwanza, studio baadaye. Ni utaratibu uleule wa baningi.

Lakini bendi zina somo jingine ambalo si tamu. Vyombo havikuwa vya wanamuziki. Gitaa, spika, ngoma, saksafoni, vyote mali ya taasisi au ya tajiri. Ukigombana na mwenye vyombo, unatoka mikono mitupu. Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa gitaa wa Morogoro Jazz, aliyepiga mpaka kwenye maonesho ya Osaka kule Japani mwaka 1970, aliondoka mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano yake. Santuri nazo zilitengenezwa Kenya, maana sisi hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Mwaka 1979 Mbaraka akafa kwa ajali ya gari Mombasa, hajafikisha hata miaka arobaini. Sauti yake bado inapigwa redioni.

Na mzee wetu Muhidin Maalim Gurumo. Aliimba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. NUTA alikuwepo, Mlimani Park alikuwepo tangu ilipoanzishwa mwaka 1978, OSS alikuwepo, akarudi Msondo. Mwaka 2013 akatangaza kustaafu, zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Mwaka huohuo Diamond Platnumz akamzawadia gari, nchi nzima ikashangilia. Aprili 2014 mzee akafariki. Mimi niliposoma habari hizi sikufikiria gari. Nilifikiria kwamba mtu aliyelijua jukwaa kuliko karibu kila mtu nchini amefika mwisho wa kazi, na tunafurahi kwamba kijana mwenye huruma amempa usafiri. Kosa si la Gurumo. Mazoezi alifanya, nidhamu alikuwa nayo, sauti alikuwa nayo. Mpango wa nyimbo ni za nani, na zitamlisha vipi atakapochoka, ndio ambao mfumo ule haukumpa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayoitumia ni ya mwaka 1999, na COSOTA imekuja baada ya hapo. Wakati huo vijana wa bongo fleva walikuwa wanauza kanda kupitia wasambazaji wa Kariakoo, wengi wanachukua malipo ya mara moja na kuondoka, kanda inauzwa mikoa yote wao wanapanda daladala. Siku hizi kanda haipo. Kwetu Bariadi nyimbo za asili zinakwenda kwa memori kadi: unampa kijana mwenye kompyuta kadi yako na hela kidogo, anakujazia nyimbo mia. Mwimbaji hapati hata senti, ila anapata jina, na jina linampatia harusi. Hayo ndiyo mazingira ya mdogo wangu.

Hapo kuna kitu nimekipata kwenye somo la Saikolojia ya Elimu, lile tunalolisoma ili tufaulu tu UE tusidisko. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Walio bora zaidi walikuwa wamefikisha kwa wastani zaidi ya saa 10,000 za mazoezi walipofika miaka 20. Hiyo namba imekuwa maarufu sana, kila mtu anaitaja. Lakini mimi kilichonishika ni kingine: walikuwa hawapigi mfululizo mpaka wazimie. Walifanya kipindi, wakapumzika, wakarudi, na walilala zaidi kuliko wenzao. Na mazoezi yenyewe hayakuwa ya kupiga wimbo mzima unaoupenda mara ishirini. Ni kushika mahali unapokosea na kukaa hapo mpaka parekebike.

Nikamkumbuka mdogo wangu. Yeye anafanyia mazoezi kinanda cha kanisani, kwaya ikimaliza. Kila siku anaimba wimbo uleule anaoujua, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa nguvu zote. Pale kwenye beti ya tatu sauti inapomkatikia, inamkatikia leo na kesho na keshokutwa. Kha! Hata mimi nilisoma Takwimu kidato cha nne kwa namna hiyohiyo, nikirudia maswali niliyoyaweza.

Basi, Jumanne nikampigia. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari nisije nikasahau. Nikamwambia hivi.

Kwanza mazoezi. Asubuhi kabla ya ng'ombe kwenda malishoni, dakika arobaini, si zaidi. Dakika kumi za pumzi na sauti, ishirini kwa kipande kimoja kinachomshinda, kumi za kuimba anachopenda ili moyo usichoke. Ajirekodi kwa simu, asikilize jioni, aandike kwenye daftari kimoja tu cha kurekebisha kesho. Kinanda cha kanisa si chake, siku wakimnyima asikose mazoezi. Koo ni lake.

Pili, uwanja kabla ya studio. Nyimbo zote sita aziimbe kwanza kwenye harusi tatu na kwa wanaovuna naye. Atazame watu wanageukia wapi. Mbili zitakazowashika ndizo ziende Mwanza.

Tatu, karatasi. Kabla ya kutoa hata shilingi, waandikiane na mwenye studio: analipa kiasi gani, anapewa nini, lini, na wimbo ni wa nani. Awe na nakala yake. Wimbo ukitoka ausajili COSOTA. Mtu akikasirika kuombwa sahihi, huyo aachwe.

Nne, laki sita zenyewe. Mbili za nyimbo mbili. Mbili za shamba, mbegu na palizi. Moja kwa mama, ya sare. Moja akiba, nauli na dharura, isiguswe kwa ajili ya viatu vya video. Msimu ujao, nyimbo zikileta harusi, harusi zilipe nyimbo nyingine.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilijisikia profesa kabisa. Kisha akasema, taratibu kama kawaida yake:

"Dada, nimekuelewa. Lakini hao wazee, uwanja ulikuwa unawasubiri. Kila mwaka baada ya mavuno upo. Mimi nikichelewa mwaka mmoja, mtu mwingine anaimba habari hiyohiyo, watu wanaisikia kwake kwanza. Uwanja wa sasa haufungwi usiku."

Nilinyamaza kidogo. Maana ana hoja, na kwenye daftari langu sikuwa na jibu lake. Historia inaweza kukuonyesha watu waliotangulia walipoteleza wapi, haiwezi kukuhakikishia kwamba utelezi uko palepale.

Nikamwambia basi, tusisubiri mwaka. Harusi tatu, msimu huu huu. Ikifika mwisho wa Agosti, nyimbo mbili. Akacheka, akasema, "Na wewe utakuwa samba yangu, utanisambazia huko chuoni." Nikamwambia dawa haichezi ngoma. Akasema babu alishamwambia.

Kabla hajakata simu akaniuliza, "Na bumu lako wewe uliligawa mafungu mangapi?"

Wapendwa, sikujibu. Mtandao ulisumbua ghafla.

Lakini usiku ule nilichukua ukurasa mwingine wa daftari, nikachora mafungu manne ya bumu lijalo. La kwanza nimeliandika jina lake: nikimaliza kulipa fotokopi na chakula, kuna elfu thelathini ya nauli yake ya Mwanza, ili akiba yake isiguswe. Si nyingi, ila na mimi niwe nimeitika kiitikio.

Kama yupo mdau anayemjua mwenye studio mwaminifu Mwanza, anayeandikiana na watu, naomba aniambie. Na mliokwisha kurekodi, tuambieni mliteleza wapi, kijana ajifunze kwenu bure.

Narudi kwenye semina yangu. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Naomba kuwasilisha.